Lukwambe na Uso wa Mwenye Mvua

Kaeni chini, enyi Wahumbwe, na mwenye udongo mikononi asijifutie nguo ya jirani. Mungu wetu mmeshampaka miguu na kiuno, mabega yatasubiri, maana kazi ya kumpaka Mwenye Mvua udongo mpya haikamiliki mpaka habari za aliyemsimamisha zisemwe kwa sauti, hapa hapa chini yake, na mtu wa ukoo wa Wafinyanzi. Nasema wa ukoo wa Wafinyanzi kwa makusudi. Nasikia mwaka jana, nilipokuwa nimelazwa na kifua, mlimwachia asimulie mtu wa ukoo wa Fisi, naye akasema mambo ambayo fisi mwenyewe angeona haya kuyasema. Leo mtasikia ilivyokuwa.

Katika zama za mababu wa mababu zetu, jembe lilipokuwa bado kijiti na mbwa alipokuwa bado akilala kitandani, aliishi Lukwambe, mwana wa Ngwesa aliyemshinda kiboko kwa kupiga mbizi, mwana wa Mihambo aliyevuka nchi ya chumvi akiwa amembeba mkewe mgongoni, mwana wa babu mmoja ambaye jina lake hatulitaji kwa sababu hakufanya lolote. Huyo ndiye Lukwambe Mbeba-Milima, Fahali wa Wahumbwe, Mgongo Usiotoshwa na Kitanda. Siku ya kuzaliwa kwake alishika nguzo ya nyumba ili ajivute atoke, nguzo ikang'oka, paa likaanguka, na wakunga wakaopolewa chini ya nyasi mmoja mmoja huku wakipiga vigelegele, kwa kuwa mtoto ni mtoto. Alipokua akatumwa kumleta fahali aliyefungwa mtini, alimleta fahali na mti wake, na alipoulizwa alijibu kwamba hakuna aliyemwambia afungue kamba.

Lakini hakuna apewaye vyote. Mikono ile iliyong'oa miti haikuiweza kazi yoyote ndogo. Akishikishwa kibuyu, kilipasuka. Akiambiwa arudishe mlango, alirudisha na ukuta. Wazee walimpenda sana, ila walimpenda akiwa nje.

Na jambo jingine lijueni, maana bila hilo hadithi hii haiendi popote: Lukwambe alikuwa mtu wa adabu. Alikuwa amemwoa Sizya, binti wa Nyabweke mfinyanzi, mama wa ukoo wetu, Mikono Isiyokosea, Bibi wa Udongo na Moto. Desturi yetu mnaijua. Mwanamume akishapeleka posa hamtazami tena mama wa mkewe, hali chakula mbele yake, wala hatamki jina lake. Wakikutana, hujifunika kichwa na kumgeuzia mgongo, na kama kuna neno ambalo halina budi kusemwa, huambiwa kitu kingine kilichopo karibu, mbuzi au jiwe, na mwenye neno lake akalisikia. Siku hizi mnainamisha kichwa kidogo tu, mnasema shikamoo mama, kisha mnaomba chumvi. Lukwambe hakuwa wa namna hiyo. Kila aendako alibeba ngozi ya ng'ombe begani kwa ajili ya mkwewe tu, na akisikia kikohozi kinachofanana na cha mkwewe, hata kiwe cha mbuzi, alijifunika akasimama hapo hapo mpaka aambiwe kuwa njia ni salama.

Ikawa njaa kule tulikotoka. Mito ilikauka, ng'ombe wakala paa za nyumba, na watu wetu wakashika njia na mungu wao ndani ya kibuyu, kwa sababu wakati ule Mwenye Mvua hakuwa na mwili. Alikuwa maji kidogo ya kisima cha kwanza, yanayobebwa na mwanamke mzee. Njiani walizika watoto. Lukwambe mwenyewe alizika wawili, akawachimbia kwa mikono, na watu wanasema mashimo yale yalikuwa marefu kupita kiasi kwa sababu hakujua kuchimba kidogo. Ndivyo walivyofika kwenye bonde hili la Itiriri, lenye maji pande zote na lisilo na mtu, wakapiga magoti wakalia.

Bonde lilikuwa la Magulyati, Mtemi wa Walugundi, aliyekaa ng'ambo ya kilima hiki. Mtu mkubwa, mkali, mwenye mikuki mingi na subira kidogo. Alikuja akawatazama, akakitazama kibuyu, akatamka: "Kwetu mungu husimama. Mungu wa kwenye kibuyu hupewa ardhi ya kujaza kibuyu. Basi msimamisheni mungu wenu juu ya kilima hiki, anitazame mlangoni kwangu. Mbayuwayu wakirudi nitakuja kumwona. Nikiinamisha macho mbele yake, bonde ni lenu na wajukuu wenu. Nikicheka, rudini mlikotoka."

Mlikotoka! Kule palikuwa na vumbi na vile vishimo virefu. Lukwambe akasimama mbele ya watu wote akasema, "Sitazika mtoto mwingine njiani. Mungu atasimama." Na watu wakapumua, kisha wakakaa kikao cha kuamua mungu anafananaje.

Hapo ndipo Wahumbwe nusura wafe, si kwa njaa, kwa maneno. Maana hakuna aliyewahi kumwona, na kila asiyemwona alimjua vizuri sana. Ukoo wa Wachungaji ulitaka awe na pembe. Ukoo wa Nyuki ulitaka awe mnene, kwa hoja kwamba mungu mwembamba atamshibisha nani. Ukoo wa Fisi, msinikatize, ukoo wa Fisi ulitaka awe anacheka, wakati uhai wetu wote ulitegemea watu wasicheke! Habari ya ndevu ilijadiliwa mpaka wazee wawili wakashikana ndevu. Kikao kilianza mtama ukipandwa, na mtama ulipofika magotini mungu alikuwa bado hana hata kidole.

Nyabweke alikuwa amekaa pembeni akikanda udongo. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mwili ufanyeni mtakavyo. Hakuna anayekumbuka magoti ya mtu. Uso nipeni mimi."

Ikakubaliwa, kwa sababu wazee walikuwa wamechoka na pombe imekwisha. Lukwambe akaanza kubeba mawe. Alitoa mawe mtoni, alitoa mawe milimani, akiyabeba kifuani kama mtu anayebeba kuni, akayapanga moja juu ya jingine, na watu wakayaunga kwa ulimbo wa mkuyu uliochanganywa na majivu, gundi ambayo huwa laini kwa muda wa kula bakuli la uji na baada ya hapo haibanduki tena. Mguu ukapanda, na wa pili ukapanda. Ukoo wa Nyuki wakapewa tumbo ili wanyamaze, wakamwekea kitovu kipana ambacho bundi walihamia kabla kazi haijaisha. Wachungaji walinyimwa pembe, wakapewa makalio, wakayatengeneza kwa uchungu na kwa ukarimu mkubwa, kama mnavyoyaona. Mwisho likawekwa tuta la udongo kutoka bondeni hadi shingoni, ili kichwa kipandishwe kwa njia hiyo.

Naye Nyabweke alikaa na rundo la udongo wa kichuguu lililozidi ghala, akajiuliza amfinyange mungu kwa sura ya nani. Hakuwahi kumwona Mwenye Mvua. Katika maisha yake yote ya kufinyanga, uso mmoja tu ndio uliokuwa ukimtazama akiwa kazini, nao ni ule ulio ndani ya mtungi wa maji anapochovya mikono. Akaufinyanga huo. Mashavu mapana, mwanya katika meno ya juu, kidutu kando ya pua, na jicho la kushoto limefumbwa kidogo, jicho la mama aliyekwisha kusikia visingizio vyako na anasubiri umalize. Kichwa kilipotoka motoni, kimeiva, chekundu, watu wote walikitazama, wakamtazama Nyabweke, wakakitazama tena. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu kilikuwa kizuri mno na kwa sababu mbayuwayu walikuwa wameshaonekana angani.

Mtu mmoja tu hakujua. Lukwambe hakuwahi kuuona uso wa mkwewe, hata kabla ya posa, na kumsimulia mtu sura ya mama mkwe wake ni tusi ambalo Mhumbwe hawezi kulitoa hata akiwa amelewa. Kwa hiyo bonde zima lilijua na bonde zima likanyamaza. Lukwambe alisimama mbele ya uso ule, akautazama kwa muda mrefu, akamwambia mkewe, "Sizya, huyu mungu ana huruma." Sizya akasema ni kweli, akaenda kucheka nyuma ya nyumba.

Sasa sikilizeni kosa, na msilicheke haraka, maana hata wewe ungelitenda kama umelelewa vizuri.

Siku ya kukipandisha kichwa, Lukwambe alikibeba mabegani, uso wa mungu ukitazama mbele, upande wa Mtemi, kama ilivyotakiwa. Akapanda tuta, ardhi ikilalamika chini yake. Lakini Nyabweke alikuwa ametangulia juu, amesimama kwenye jukwaa la miti upande wa pili wa shingo, akipaka ulimbo, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo. Vumbi likamwingia, akakohoa.

Fahali wa Wahumbwe akakijua kile kikohozi. Akavuta ngozi ikamfunika kichwa, na kwa heshima yote anayostahili mama wa mke, akageuka akampa mgongo. Na kwa kuwa mungu alikuwa mabegani, mungu naye akageuka. Kisha akarudi kinyumenyume, taratibu, akipapasa kwa kisigino, akakishusha kichwa juu ya shingo. Kikakaa sawasawa. Kifua cha mungu kilielekea kwa Mtemi, na uso wake ukaangalia huku kwetu, juu ya mgongo na juu ya yale makalio.

Nyabweke aliona. Angeweza kupiga kelele, lakini mama mkwe hampigii mkwewe kelele. Alikigeukia chungu cha ulimbo akaanza kama inavyopasa. "Ewe chungu, umeamkaje?"

Lukwambe, chini ya ngozi, akaliambia jiwe lililokuwa karibu, "Ewe jiwe, sijambo."

"Chungu, watoto hawajambo? Yule mwenye kikohozi?"

"Jiwe, amepona, anakula."

"Mtama nao, chungu, umeshika?"

"Umeshika, jiwe, ila ndege ni wengi."

Wakaulizana habari za ng'ombe, za shangazi aliyeanguka, za paa la nyumba ya Sizya linalovuja upande wa jikoni. Huku chini watu walikuwa wakiruka, wakirusha mikono, wakiuma vidole, lakini nani angethubutu kuwakatiza wakwe katikati ya salamu? Hatimaye Nyabweke akasema, "Basi, chungu, sina neno kubwa. Pengine ni macho yangu ya uzee. Ila naona kama mungu ametupa uso sisi, na Mtemi amempa kisogo."

Lukwambe akageuka kukishika kichwa. Ulimbo ulikuwa umekwisha kushika. Akakisukuma mpaka magoti ya mungu yakatoa mlio, naye akaacha, kwa kuogopa kuvunja kila kitu. Akakaa juu ya tuta na ngozi yake kichwani, akalia, Mbeba-Milima akalia, na ngozi ilikuwa ikipanda na kushuka. Asubuhi yake Mtemi akaja.

Alikuja na ngoma, na mikuki, na wazee wake waliovaa manyoya, akasimama chini ya kilima upande wa kwake. Watu wetu walikuwa wamejipanga na mizigo yao imeshafungwa. Magulyati akainua macho. Akaona miguu, akaona tumbo, akaona bundi wakichungulia kitovuni, akapanda na macho hadi shingoni, na hapo juu akaona kisogo. Mungu aliyekuja kifua mbele na uso nyuma! Shavu la kushoto la Mtemi likaanza kutetemeka. Kina mama wakawavuta watoto karibu yao, kwa kuwa kila mtu alijua baada ya shavu kinachofuata ni meno.

Lakini kabla ya meno akamwona Lukwambe, pande la mtu, amesimama mbele ya watu na ngozi ya ng'ombe kichwani, ameugeuzia umati ubavu. Akauliza, sauti ikiwa tayari inayumba, "Na huyu naye? Mungu wenu kageuza uso, na huyu kafunika wake. Nchini mwenu hamna mtu anayetazama mbele?"

Na hapo, wanangu, chini ya ngozi ile ya ng'ombe, yule mtu asiyeweza kurudisha mlango alipata neno.

"Mtukufu," akasema, "sababu ni moja. Mimi nimejifunika kwa kuwa mama wa mke wangu amesimama pale. Yeye alinipa mke, nami siwezi kumtazama usoni. Mungu wetu amekuja mbele yako kifua wazi, kama mkwe anayekuja kusalimu. Lakini wewe ndiwe utakayempa ardhi watoto wake. Aliyekupa mke humtazami. Aliyekupa mahali pa kuzaa, utamtazamaje? Mungu wetu ana adabu. Amekufanya mkwe."

Walugundi nao, katika jambo la ukwe, ni wakali kuliko sisi; kwao mtu aliyemwona mkwewe kwa bahati mbaya huoga mtoni akiwa na nguo zake zote. Neno "mkwe" lilipomfikia Magulyati, mwili ulitii kabla ya akili. Alivuta shuka, akajifunika, akainamisha macho mpaka chini. Wazee wake wakajifunika. Wapiga ngoma wakajifunika, na ngoma zikaanguka zikabingirika. Jeshi zima la Walugundi lilisimama pale na nguo vichwani, na wakati wa kurudi walishikana mikono kwa kutoona njia. Ndipo Mtemi, toka chini ya shuka, akaliambia jiwe: "Ewe jiwe, waambie wafungue mizigo."

Bonde likawa letu. Ndivyo mlivyopata mahali pa kuchomea mahindi na pa kugombania mipaka.

Miaka ikapita mingi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, Lukwambe alikuja akaketi hapa, akainua macho kwenye uso ule, akazungumza na mungu wake. Na alizungumza nini? Mvua kidogo, halafu mkwewe. "Ewe Mwenye Mvua, mzee yule maneno yake hayaishi. Uji wake, baba, hata mchwa hawaugusi. Mpe maisha marefu, lakini mpe hamu ya kwenda kuishi kwa binti yake mwingine." Watu waliokuwa wakipita waliuma nguo zao. Mungu alimtazama tu, na jicho lake moja limefumbwa kidogo, na Lukwambe alikuwa akiondoka mwepesi, akisema hakuna anayemsikiliza kama huyu.

Halafu akaja mchuuzi wa chumvi, mgeni wa mbali, asiyefungwa na desturi yetu. Alimkuta Lukwambe miguuni pa mungu, akamwamkia, akainua kichwa, akasema kwa furaha, "Aa, nimefika! Namtafuta mama anayeuza vyungu, yule yule ambaye uso wake mmemwekea mungu. Anakaa wapi?"

Lukwambe akainua macho mara ya mwisho. Yakamrudia yote, uji, mchwa, binti mwingine. Na zaidi ya maneno, ile miaka yote ya kumkodolea mkwewe macho makavu, kila asubuhi, kwa hiari yake. Mbuzi wa faini ya kosa hilo hawajazaliwa. Akajifunika ngozi, akalala kifudifudi, na alipoinuliwa hakutaka kuifunua. Na aende wapi afunue? Uso ule unaona bonde zima. Unaona kila mlango, kila shamba, kisima na zizi. Hapakuwa na mahali katika Itiriri yote ambapo mkwe mwenye adabu angeweza kula.

Wazee wakasema uso uvunjwe, uwekwe mwingine. Nyabweke mwenyewe alikuja, mkongojo mkononi, akasimama mbali, akakiambia chungu chake: "Ewe chungu, nimeutumia uso huu vya kutosha. Wauvunje. Mtu asikose nyumba kwa ajili ya pua yangu."

Lukwambe akaliambia jiwe: "Ewe jiwe, uso usivunjwe. Magulyati aliinama kwa sababu mungu amegeuza uso. Tukiuondoa hata kwa siku moja, ukwe utakuwa umekufa, na mikuki itarudi. Watoto wamelala majumbani. Nitahama mimi."

Akahama siku ile ile, na hakubeba chochote, yeye aliyezoea kubeba vyote. Alizunguka kilima akaenda upande wa pili, upande wa kifua, katika nchi ya Walugundi, akaomba kijisehemu cha kuazima, akajenga kibanda chini ya vidole vya mungu, mahali ambapo ukiinua macho unaona kisogo tu. Aliyewapa watu wote nchi akazeekea kwenye ardhi ya watu. Sizya alimfuata, watoto wakawa wanakwenda na kurudi, na jioni kulikuwa na chungu cha uji juu ya jiwe lililo mpakani, kimefunikwa vizuri. Lukwambe alikuwa akiula wote, mpaka mwisho, na hakusema tena lolote juu ya uji ule. Mimi hapa huwa nashindwa kuendelea, nipeni maji.

Alikufa katika msimu wa kupalilia. Wanaume walioinua jeneza walikuwa wengi, na bado walipumzika njiani. Walipofika kwenye kona ya kilima, pale ambapo uso wa mungu huanza kuonekana, walisimama, wakaulizana kama wamwache amefunikwa ngozi yake au wamfunue. Hapo alikuwepo Nyabweke, mzee kupita uzee, amebebwa na wajukuu. Akaamuru washushe jeneza. Akaja akipapasa ubao wa jeneza kwa mkono, akaifunua ngozi, akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza maishani, akatazama sana. Hakugeukia chungu, wala jiwe, wala mbuzi. Akasema na Lukwambe mwenyewe.

"Kumbe ulikuwa na mwanya kama wangu," akasema. "Karibu nyumbani, mwanangu."

Ndiyo maana Mhumbwe akifa hupitishwa hapa uso wazi, na anayemkaribisha wa kwanza ni mama mkwe wake, kwa sauti, mbele ya watu. Na asiye na mama mkwe huazimwa wa jirani. Yaliyokuwa kinywani mwangu sasa yako masikioni mwenu, mkiyapotosha ni juu yenu. Inukeni, mabega bado, na wakwe wote wapande kwa upande wa kisogo.